Watu wetu wako pembeni mwa picha: namna ya kuchagua lenzi ya projekta ya filamu za zamani



Wachungaji wenzetu kadhaa wa upande wa Kivu wametuuliza jambo moja. Wana maboksi ya filamu ndogo zilizoachwa na wamisionari wa zamani. Wana pia projekta iliyolala stoo miaka mingi, lakini lenzi yake imepotea au imeharibika. Wanunue lenzi gani? Kuna watu wanaowaambia watafute ile "yenye nguvu zaidi". Tunajibu hapa kwa wote, kwa sababu sisi wenyewe tulikosea katika jambo hili, na kosa letu lilitugharimu kitu kisichouzwa sokoni.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Lenzi tunayosema hapa ni lile bomba fupi lenye vioo ndani, linalokaa mbele ya projekta. Mafundi wetu waliozoea Kifaransa huliita objektifu. Kazi yake ni kuchukua picha ndogo iliyo kwenye filamu, ndogo kuliko ukucha, na kuitandaza ukutani ili watu wengi waione pamoja.

Tulivyokosea

Katika stoo ya paruasi yetu kulikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na bobina sita za filamu ya milimeta 8, na projekta moja yenye lenzi yake. Viliachwa na familia ya wamisionari iliyoondoka baada ya vita vya mwaka wa 1978. Juu ya boksi moja mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Pasaka 1958.

Papa mmoja, fundi umeme aliyestaafu kazi ya mgodi, alibadilisha mkanda wa projekta, akapaka mafuta, akapata taa. Tukatangaza Jumapili: Ijumaa jioni wote waje hekaluni waone kanisa la wazee wetu. Walikuja zaidi ya watu mia mbili. Kwa kuwa tulitaka wote waone, tuliweka projekta nyuma kabisa, meta 12 kutoka ukutani, ili picha iwe kubwa. Ikawa kubwa kweli, zaidi ya meta mbili na nusu. Lakini ilikuwa na giza kama jioni ya mvua. Katikati uliona kitu, pembeni ukungu mtupu. Watoto walianza kucheka, watu wakaanza kutoka.

Katika mstari wa mbele alikuwa amekaa mwalimu mzee wa kwaya, ambaye mwaka ule wa 1958 alikuwa kijana. Alituambia: "Naona watu, lakini siwajui ni nani." Tulimkumbuka yule kipofu wa Bethsaida katika Marko 8, aliyewaona watu kama miti mpaka Bwana alipomgusa mara ya pili. Tukamwahidi mzee kwamba tutarudia.

Tukaagiza lenzi nyingine. Ilichukua miezi mitatu kufika. Katika mwezi wa pili tulimzika mwalimu.

Alikuwa na miaka mingi, na siku zake zilikuwa zimetimia. Lakini Ijumaa ile alikuwa amekaa mbele yetu na macho yake yakiwa mazima, na projekta tulikuwa tumeiweka meta sita nyuma zaidi ya mahali pake. Hesabu tutakayowaonyesha hapa chini inafanywa kwa kalamu na karatasi katika dakika tano. Kama tungeifanya mapema, pengine ile jioni ya kwanza ingetosha.

Ijue filamu yako kwanza

Usinunue lenzi kabla ya kujua filamu yako ni ya aina gani, kwa sababu lenzi ya filamu moja haifai kwa nyingine.

Filamu ya milimeta 16 ilitolewa na Kodak mwaka wa 1923. Hiyo ndiyo iliyotumiwa zaidi na misioni na makampuni. Huku kwetu Union Minière ilikuwa ikionyesha sinema katika makambi ya wafanyakazi. Wazee wengi wa Kongo wanakumbuka pia Matamata na Pilipili, filamu za kuchekesha alizozitengeneza padri Albert Van Haelst huko Kasai katika miaka ya 1950.

Filamu ya milimeta 8 ilikuja mwaka wa 1932. Ilikuwa ya nyumbani: baba wa familia aliwapiga watoto wake siku ya Noeli au siku ya safari. Mwaka wa 1965 ikaja aina mpya inayoitwa Super 8. Upana wa utepe ni uleule wa milimeta 8, lakini picha yake ni kubwa kidogo. Kuna pia milimeta 9.5 ya Pathé, iliyoanza mwaka wa 1922. Hiyo unaitambua upesi, kwa maana tundu lake liko katikati ya utepe, kati ya picha na picha.

Kutofautisha 8 ya kawaida na Super 8, angalia matundu ya pembeni. Katika 8 ya kawaida matundu ni makubwa, na kila tundu liko kwenye mpaka kati ya picha mbili. Katika Super 8 matundu ni madogo, na kila moja liko usawa wa katikati ya picha. Hata bobina zinatofautiana: ya Super 8 ina shimo kubwa katikati, ya kawaida ina shimo dogo.

Sasa shika namba hizi tatu. Ni upana wa picha inayopita katika kidirisha cha projekta, pale mwanga unapopenya filamu:

8 ya kawaida: karibu milimeta 4.4
Super 8: karibu milimeta 5.3
16: karibu milimeta 9.6

Hesabu ya ukubwa wa picha

Juu ya kila lenzi kumechorwa namba mbili. Ya kwanza ni ya milimeta, kwa mfano 20 mm, 25 mm au 50 mm. Hiyo inaitwa fokali. Fokali fupi hutandaza picha sana, fokali ndefu hutoa picha ndogo zaidi. Hapa ndipo wengi hupotea: wanafikiri lenzi ya 50 mm ina nguvu kuliko ya 20 mm kwa kuwa namba yake ni kubwa. Ukutani mambo huenda kinyume.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua umbali kutoka lenzi mpaka ukutani, kwa meta. Zidisha kwa upana wa kidirisha, kwa milimeta. Gawanya kwa fokali, kwa milimeta. Jibu ni upana wa picha ukutani, kwa meta.

Mfano: filamu ya 8 ya kawaida, lenzi ya 20 mm, umbali wa meta 6. Sita mara 4.4 ni 26.4. Gawanya kwa 20, unapata 1.32. Picha itakuwa na upana wa meta moja na santimeta 32. Ukiweka lenzi ya 25 mm mahali palepale, utapata karibu meta 1.06. Ukiweka ya 15 mm, utapata meta 1.76. Kimo cha picha ni robo tatu ya upana wake.

Kwa filamu ya 16, lenzi ya kawaida ni ya 50 mm. Katika chumba chenye umbali wa meta 10 inatoa picha ya meta 1.92. Kama chumba chenu ni kifupi, tuseme meta 6, ile 50 mm itawapa meta 1.15 tu; lenzi ya 35 mm itawapa karibu meta 1.65.

Kwa hiyo kipimo cha chumba huja kabla ya lenzi. Pima kutoka mahali meza ya projekta itakapokaa, siyo kutoka mlangoni. Kisha uangalie watu watakaa wapi. Kanuni ya zamani ya waonyesha sinema inasema mtu wa mbele akae mbali na picha angalau mara mbili ya upana wake, na mtu wa nyuma asizidi mara sita. Picha ya meta 1.3 inafaa kwa watu walioketi kati ya meta 2.6 na karibu meta 8. Kama waumini ni wengi kuliko nafasi hiyo, onyesheni mara mbili au mara tatu. Msivute picha iwafuate watu wa nyuma.

Wazee wenye macho dhaifu wanaweza kukaa karibu zaidi ya kanuni hii. Sisi tunawaweka mbele kabisa, hata meta moja na nusu, kwa sababu wao ndio wenye kazi usiku huo.

Lenzi haiongezi mwanga

Hapa ndipo tulipoangukia Ijumaa ile. Taa ya projekta hutoa mwanga wake, hauzidi. Ukiongeza upana wa picha mara mbili, eneo la ukuta linakuwa mara nne, na kila sehemu ya ukuta inabaki na robo ya mwanga. Picha yetu ya meta 12 ilikuwa na robo tu ya mng'ao ambao tungeupata kwa meta 6, kwa lenzi ileile na taa ileile.

Namba ya pili iliyochorwa kwenye lenzi inahusu mambo haya. Utaona 1:1.3, au 1:1.6, au f/1.5. Inaonyesha uwazi wa lenzi, yaani kiasi cha mwanga inachoweza kupitisha. Namba ndogo ni mlango mpana. Lenzi ya 1.3 inaweza kupitisha karibu mara moja na nusu ya mwanga wa lenzi ya 1.6, mradi taa na vioo vilivyo nyuma ya filamu vinaweza kuujaza mlango huo. Katika projekta za taa ndogo tofauti hiyo mtaiona kwa macho.

Kuna pia lenzi za zoom, ambazo fokali yake hubadilika, kwa mfano kutoka 15 mpaka 25 mm. Zinasaidia kanisa linalohama kutoka chumba hadi chumba, kwa kuwa unarekebisha ukubwa bila kusogeza meza. Lakini zina vioo vingi ndani, na kila kioo hula mwanga kidogo. Kama mna chumba kimoja mnachokijua, lenzi ya fokali moja iliyo safi mara nyingi itawapa picha bora kuliko zoom ya bei rahisi.

Tusisahau umeme wenyewe. Volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, taa ya zamani ya waya hupoteza karibu sehemu tatu za kumi za mwanga wake. Ninyi mnaoishi na umeme unaopanda na kushuka mnaelewa tunachosema. Jaribuni saa ileile ya jioni mtakayoonyesha, wakati mtaa mzima unapika. Na projekta nyingi zilizotoka Marekani zinataka volti 110. Mkizichomeka kwenye 220 bila transfo, taa inakufa papo hapo.

Kwa nini tunaangalia pembeni

Sasa tunafika kwenye jambo tunalotaka mlikumbuke hata mkisahau hesabu zote.

Nani alishika kamera mwaka wa 1958? Mara nyingi alikuwa mmisionari, au ajenti wa kampuni, au mke wake. Alielekeza kamera kwa kile alichokipenda: mtoto wake anayejifunza kutembea, gari jipya, bustani, mgeni kutoka Ubelgiji. Hao wako katikati ya picha. Hatuwalaumu, hata sisi tukishika simu tunapiga watoto wetu kwanza. Lakini baba zetu na mama zetu wako wapi? Wako pembeni. Yaya amesimama ukingoni, nusu ya mwili wake ndani ya picha. Wanakwaya wanaonekana nyuma ya bega la mgeni. Mpishi anapita kushoto na sahani. Waumini wanatoka hekaluni huku kamera ikimfuata mtu mwingine.

Mtu anayetafuta lenzi kwa ajili ya filamu za familia yake mwenyewe anaweza kuridhika na picha iliyo wazi katikati. Sisi hatuwezi. Watu wetu wako pembeni mwa picha, basi lenzi yetu ihukumiwe kwa pembeni.

Na pembeni ndipo lenzi nyingi za projekta zilipo dhaifu. Sababu ni ya zamani. Mwaka wa 1840 mtaalamu wa hesabu Joseph Petzval alibuni lenzi iliyopitisha mwanga mwingi na kutoa picha kali katikati. Lenzi nyingi za projekta zilifuata mtindo wake. Shida yake ni kwamba picha inayotoka inataka ukuta uliopinda kidogo kama bakuli, na ukuta wetu umenyooka. Kwa hiyo ukiweka katikati wazi, pembeni panafifia. Ukiweka pembeni wazi, katikati panafifia. Tena, kadiri mlango wa lenzi unavyokuwa mpana, ndivyo udhaifu huu unavyozidi kuonekana.

Ndiyo maana hatuwashauri kukimbilia namba ndogo kuliko zote. Lenzi ya 1.5 au 1.6 iliyotengenezwa vizuri, iliyo wazi mpaka kwenye kona, inaweza kuwafaa kuliko ya 1.2 inayong'aa katikati na kuacha pembeni katika ukungu. Upungufu wa mwanga mnaweza kuurekebisha: sogezeni projekta karibu, fanyeni picha iwe ndogo, zibeni madirisha. Ukungu wa pembeni unaotoka katika lenzi hakuna atakayewaondolea.

Namna ya kupima lenzi iliyo mkononi

Msijaribu kwa filamu ya thamani. Tafuteni kipande cha filamu isiyo na maana, hata mwanzo wa bobina wenye mikwaruzo. Washeni projekta, mwelekeze picha kwenye ukuta mweupe au shuka iliyovutwa vizuri. Hakikisheni projekta imesimama sawa na ukuta, haijainamishwa wala haijageuzwa upande, maana projekta iliyopinda itawadanganya kwamba lenzi ni mbaya.

Zungusheni lenzi mpaka punje ndogondogo za filamu zionekane katikati. Sasa mtu mmoja aende karibu na ukuta, atazame kona nne, moja moja. Kama kona zote zinafifia sawasawa, na zinapata uwazi mkizungusha kidogo tu, hiyo ni tabia ya kawaida ya lenzi, na mnaweza kuishi nayo. Kama kona moja tu ndiyo mbaya, huenda lenzi imekaa upande katika bomba lake, au filamu haikulala vizuri kwenye kidirisha. Kama hakuna kona inayopata uwazi hata mkizungusha namna gani, itafuteni nyingine.

Kisha mtoe lenzi, mmulike tochi kutoka nyuma, mtazame ndani. Mikwaruzo michache haina hatari kubwa. Mnachotafuta ni vitu viwili. Kimoja ni kuvu, inayofanana na utando wa buibui au mizizi midogo. Kingine ni alama za rangirangi kama mafuta juu ya maji, dalili kwamba gundi kati ya vioo imeachia. Lenzi yetu ya kwanza ilikuwa na kuvu kwenye vioo vya ndani. Huo ndio ukungu uliowachekesha watoto.

Mkinunua kwa mtu wa mbali, kwa intaneti au kupitia ndugu aliye Ulaya, ulizeni mambo manne kabla ya kutoa pesa: fokali ni ngapi, uwazi ni ngapi, unene wa bomba ni milimeta ngapi, na picha ya lenzi ikimulikwa kutoka nyuma. Swali la unene ndilo linalosahauliwa. Kila mtengenezaji alikuwa na kipimo chake, na bomba lililozidi kwa nusu milimeta haliingii. Mpimeni tundu la projekta yenu kwa kalipa ya fundi, siyo kwa rula ya shule. Na msikubali lenzi ya kamera badala ya lenzi ya projekta. Fundi mwerevu anaweza kuifunga mahali pake, lakini haikutengenezwa kukaa mbele ya joto la taa, na mara nyingi mlango wake ni mdogo.

Vumbi letu na unyevu wenu

Huku Lualaba adui wetu ni vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua haipo, na malori ya madini yanapita mchana na usiku. Vumbi hilo lina chembe ngumu. Mtu akipangusa lenzi kwa shati lake, anaikwaruza. Kwanza pulizeni kwa kimpira cha hewa, kisha brashi laini sana, na mwisho kitambaa safi cha pamba chenye tone moja la dawa ya kusafishia lenzi. Tone liwekwe kwenye kitambaa, lisidondoshwe kwenye kioo.

Ninyi wa Bukavu, Goma na Uvira, adui wenu ni unyevu. Kuvu hupenda giza na hewa isiyotembea. Msihifadhi lenzi ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi inashika maji. Iwekeni katika chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vifuko vya punje zinazonyonya unyevu, kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Itoeni mara kwa mara ipate hewa na mwanga.

Filamu nazo zinusweni. Ikinuka siki, imeanza kuoza. Itengeni na nyingine, na msiipitishe kwenye projekta. Iliyojikunja au iliyokatika kwenye matundu nayo isubiri fundi. Na ile inayopita isisimamishwe kamwe kwenye picha moja ili mtazame uso, maana joto la taa linaweza kuitoboa palepale. Rudisheni nyuma mwone tena.

Kama mnaweza kupata mtu wa kuzinakili filamu kwa kompyuta, picha moja baada ya nyingine, fanyeni hivyo mapema. Kuna faida moja inayohusu watu wetu wa pembeni: kidirisha cha projekta hufunika ukingo mdogo wa kila picha, na nakala nzuri inaweza kuonyesha mpaka mwisho wa ukingo huo. Lakini msingoje nakala mkiwa na mzee mgonjwa nyumbani.

Jioni ya pili

Lenzi iliyofika ilikuwa ya 25 mm, uwazi 1.5. Safari hii hatukutangaza hekaluni. Tulichukua chumba cha mafunzo, tukaziba madirisha kwa maturubali, tukaweka projekta meta 6 kutoka ukutani. Picha ilikuwa na upana wa meta moja na kidogo. Tuliwaalika wazee kumi na wawili tu, na vijana wanne wenye madaftari.

Bobina ya Pasaka ilipofika katikati, alitokea mtu amesimama kulia kabisa, ukingoni. Ijumaa ya kwanza kila mtu alisema ni mwanaume mwenye fimbo. Papa fundi umeme alizungusha lenzi kidogo sana. Katikati ya picha, pale mgeni wa Ulaya alipokuwa akisalimia watu, pakafifia. Ukingo ukawa wazi. Fimbo ile ilikuwa tarumbeta.

Mama mmoja mzee, kambo wa nusu ya kwaya yetu (ndivyo tunavyowaita bibi huku), akasema jina la mtu yule pale pale. Mzee mwingine akakataa: mwenye tarumbeta alikuwa mdogo wake. Walibishana, tukarudisha bobina mara tatu. Mwishoni waliafikiana kwa jinsi alivyokuwa akichechemea alipopita mlangoni. Kijana akaandika jina, na jina la mke wake, na kambi waliyoishi. Mtaa ule unaoonekana nyuma yao haupo tena. Mgodi ulipanuka, watu wakahamishwa, na leo mahali pale ni shimo. Wajukuu wa mwenye tarumbeta wanasali nasi kila Jumapili, na hawakuwahi kuona uso wake.

Usiku huo tuliandika majina thelathini na moja. Waliobaki bila jina ni wale waliosimama karibu na kwaya, mstari wa nyuma. Mwalimu ndiye aliyewajua.

Katika Yoshua 4, mawe yaliwekwa kando ya Yordani ili watoto wakiuliza maana yake, awepo wa kuwajibu. Mawe peke yake hayatoshi, lazima awepo anayejua. Filamu nazo ni hivyo. Kwa hiyo tunawaomba mfuate utaratibu huu. Kwanza andikeni orodha ya wazee walio hai, na miaka yao. Pili tambueni filamu. Tatu pimeni chumba kidogo mtakachokitia giza vizuri. Nne fanyeni hesabu. Tano ndipo mtafute lenzi. Na kama mna lenzi ambayo si nzuri sana, lakini mna mzee mwenye miaka tisini, sogezeni projekta karibu na ukuta, mfanye picha iwe ndogo kama mlango wa kabati, mumkalishe mbele yake leo jioni.

Bwana awabariki katika kazi hiyo.